Nakala Yako Imekaa Wapi? Maongezi na madevelopa wa Mtwara kuhusu gridi ya data ndani ya Liberty

Mtwara kuchele! Haya, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Waandaaji wameniomba niongelee namna ya kuweka seva za gridi ya data ndani ya Liberty, ile aplikesheni seva ya IBM, afu wakanipa muda mpaka chai, na mimi watu wa huku nawajua, chai ikishaletwa na mihogo hakuna anayesikiliza tena, kwaiyo naingia moja kwa moja.

Niseme kwanza ninachoamini ndo nieleze. Liberty imefanya kuwasha gridi kuwe rahisi mno, mistari mitano sita kwenye server.xml, faili yake ya mipangilio, na seva imesimama. Urahisi huo ndo unaotuponza. Mtu anawasha, anaona data inaingia na kutoka, anapiga picha ya skrini anamtumia bosi, ila hajajiuliza nakala ya pili ya ile data imekaa wapi. Ukiifuatilia unaikuta iko kwenye mashine ileile yenye nakala ya kwanza, inakula umeme wa soketi ileile. Hapo huna nakala, una data moja uliyoilipia memori mara mbili.

Kwa wale wageni wa mambo haya nieleze kidogo. Gridi ya data ni mashine kadhaa zinazounganisha memori zao zikashika data pamoja, badala ya kila ombi kwenda kugonga databesi. Data inagawanywa kwenye patisheni, kila patisheni ina kipande kikuu kinachopokea data inayoandikwa, na ukitaka inakuwa na replika, yaani kipande cha akiba kinachofuata kile kikuu. Leo naongelea WebSphere eXtreme Scale ya IBM kwa sababu ndo inayoingia ndani ya Liberty kama kipengele chake. Zamani iliitwa ObjectGrid na jina hilo bado limejaa kwenye faili zake, msishangae. Liberty yenyewe ilikuja na WebSphere 8.5 mwaka 2012, ni aplikesheni seva nyepesi, haipakii kitu ambacho hujakitaja, ukitaja servleti inapakia servleti, ukitaja gridi inapakia gridi, basi. Mwaka 2017 IBM wakaachia Open Liberty bure, na kodi yake ya programu (source code) iko wazi. Gridi haikuachiwa bure, hilo nitalirudia.

Tuchukue mfano ambao hapa kila mtu anauelewa. Msimu wa korosho unafunguka, mnada unafanyika, bei inatoka. Ndani ya dakika chache wakulima, watu wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, madalali, shemeji aliyeko Dar, wote wanauliza kitu kimoja, leo imeenda shilingi ngapi? Tuseme wewe ndo umetengeneza mfumo wa kuwajibu. Bei imeandikwa mara moja inasomwa mara maelfu. Afu kuna kitu kingine, kila mkulima anataka kujua mzigo wake uko hatua gani, umepimwa, umeuzwa, malipo yametoka au bado. Hiyo ni data nyingi, ya watu wengi, inabadilika badilika, na kila mtu anaangalia ya kwake.

Sasa hapa nawaudhi wengine. Kwa ile bei peke yake huhitaji gridi yoyote jamani, kashe ndogo, yaani hifadhi ya muda kwenye memori, ndani ya aplikesheni inatosha kabisa. Na kama mfumo wako ni seva moja na Postgres moja na watumiaji ni AMCOS tatu za Tandahimba, kaa hapohapo, weka indeksi vizuri, lala usingizi. Gridi inaanza kuwa na maana pale una seva za aplikesheni kadhaa zinazohitaji kuona data ileile kwa haraka, na databesi inaanza kuhema siku ya mnada.

Haya, umeamua. Kuna aina mbili za seva, katalogi na kontena. Katalogi ni kama karani wa ghala la korosho, anajua gunia la nani liko safu gani na nani abebe nini, ila yeye mwenyewe habebi gunia hata moja. Kontena ndo zinazobeba. Kwenye Liberty zote mbili unaziwasha kwa kipengele kilekile, eXtremeScale.server-1.1, unakiweka ndani ya featureManager. Kinachozitofautisha ni kipengee cha xsServer, kwenye katalogi unaandika isCatalog iwe true na poti ya kusikiliza, kawaida 2809. Kwenye kontena huweki hiyo true, unaiambia tu katalogi zinapatikana anwani gani na poti gani. Aplikesheni yenyewe inakaa kwenye Liberty nyingine yenye kipengele cha klaienti.

Kwaiyo ni Liberty za aina tatu, na nawasihi ziwe kweli tatu, kila moja JVM yake, yaani mchakato wake wa Java. Najua vishawishi, mtu anasema mashine ni mbili tu, ngoja niweke katalogi, kontena na aplikesheni kwenye seva moja, si inawaka? Inawaka ndiyo. Afu siku aplikesheni inakula memori kwa sababu kuna ripoti mtu kaomba ya mwaka mzima, JVM inaganda ikisafisha takataka za memori, na karani wa ghala kaganda nayo, na mizigo imeganda nayo. Liberty ni nyepesi, kuendesha tatu kwenye boksi moja, yaani mashine moja, haigharimu sana, unaandika server create mara tatu unapata folda tatu ndani ya wlp/usr/servers, kila moja na server.xml yake na jvm.options yake ya kuweka ukubwa wa hipu, yaani memori ambayo JVM inaweka data. Boksi likiwa moja, michakato itengane angalau.

Sasa server.xml imeisha, na watu wengi wanadhani kazi imeisha. Kazi ndo inaanza, na iko kwenye folda inaitwa grids, ndani ya folda ya ile seva ya kontena. Humo unaweka faili mbili. objectGrid.xml inasema gridi inaitwaje na ina mapu zipi, yaani majedwali ya ufunguo na rekodi yake, mfano mapu ya mizigo, mapu ya bei. objectGridDeployment.xml inasema mapu hizo zigawanywe vipande vingapi, replika ngapi, zikae wapi. Hii ya pili ni fupi kweli, pengine haizidi mistari kumi na tano, ila ukiniambia nikague mfumo wako nitaanza kufungua hiyo kabla sijagusa kitu kingine.

Humo kuna kitu kinaitwa developmentMode. Usipokiandika, chenyewe kinajihesabu true. Na true maana yake ni kwamba gridi ina ruhusa ya kuweka kipande kikuu na replika yake kwenye mashine moja. Kwa laptop ni sawa, unajifunza, una mashine moja, uweke wapi? Ila mtu anatoa faili kwenye laptop anaipeleka laivu vilevile ilivyo, na hakuna chochote kitakachomlalamikia, hakuna eraa, hakuna mstari mwekundu kwenye logi, replika zipo ukizihesabu. Ni mpaka boksi lizimike ndo utajua. Andikeni developmentMode="false" kwa mkono wenu, siku ya kwanza kabisa.

Kinachofuata ni idadi ya patisheni, numberOfPartitions. Chaguo-msingi ni 1, yaani data yote kipande kimoja, hata uongeze kontena kumi bado kipande kikuu kinakaa kwenye moja. Na namba hii huwezi kuibadilisha gridi ikiwa inatembea, ni mpaka uzime kontena zote uanze upya, kwaiyo fikirini kabla. Hesabu inayotumika ni hii, chukua idadi ya kontena utakazofikia siku mfumo ukikua, zidisha kwa 10, gawa kwa moja ukijumlisha na replika, afu tafuta namba tasa iliyo karibu. Tuseme leo una kontena 4 na replika moja, 40 gawa kwa 2 ni 20, unachukua 19. Patisheni 19 zenye kipande kikuu na replika ni vipande 38, kila kontena inabeba 9 au 10, safi. Ila kama unaona kabisa mikoa mingine itaingia na utafika kontena 10, basi ni 100 gawa kwa 2, chukua 47. Mwanzoni kila kontena itabeba ishirini na kitu, inavumilika, kuliko kuja kuzima kila kitu katikati ya msimu.

Memori nayo. Tuseme data ni GB 6 ikishakuwa ndani ya memori, na nasema ikishakuwa ndani ya memori kwa sababu ikiwa objekti za Java inanenepa kuliko ilivyokuwa kwenye databesi. Ukijumlisha na replika ni GB 12. Kontena 4, kila moja kwenye boksi lake, kila moja GB 3. Watu wanaishia hapo wanaweka hipu ya GB 4 wanafurahi. Sasa kontena moja ikifa, zile 3 zilizobaki zinagawana mzigo wake, GB 4 kila moja, hipu imejaa, ya pili inakufa kwa kukosa memori, mzigo unahamia kwa mbili, na nyie mnajua inapoishia. Mimi sipendi data ipite asilimia 70 ya hipu hata kwenye hali mbaya, kwaiyo hapo ni -Xmx6g, yaani hipu ya GB 6, sio 4.

Sasa umeme. Huku kwetu tuna gesi ya Mnazi Bay chini ya miguu yetu na bado mtu anayepanga seva Mtwara asiyeufikiria umeme sijui anapanga nini. Tuseme una maboksi mawili, kila moja lina kontena mbili. Boksi moja likizima, zile replika zilizoko kwenye boksi la pili zinapandishwa cheo zinakuwa vikuu, kazi inaendelea. Replika mpya hazitawekwa kwa sababu umekataa zisikae boksi moja na vikuu, zitasubiri boksi lirudi. Hiyo ndo tabia unayoitaka. Ila angalia minSyncReplicas! Mtu mwangalifu anaona aibu kuacha 0, anaandika 1, akidhani anaongeza usalama. Maana yake kiukweli ni kwamba patisheni isipokuwa na replika moja ya papo hapo, haipokei miamala. Ukiwa na maboksi mawili, moja likizima, gridi nzima inakataa kuandika. Umenunua boksi la pili ili ukiwa na boksi moja ushindwe kufanya kazi. Kwa maboksi mawili mimi naweka min 0 na maxSyncReplicas 1, min 1 ni ya watu wenye maboksi matatu kuendelea.

Kuna rafiki ataniuliza, vipi boksi moja Mtwara na lingine Lindi, si ndo salama zaidi? Swali zuri. Replika ya papo hapo iko ndani ya muamala wenyewe, kipande kikuu kinasubiri replika ikubali ndo kimwambie klaienti tayari. Ukiiweka Lindi kila andiko linasubiri waya wa kilomita mia na kitu, na siku waya ukisuasua mfumo wako wa Mtwara unasuasua nao wakati mashine zake ni nzima kabisa. Weka replika ya papo hapo kwenye boksi la jirani, chumba kingine, umeme mwingine, afu Lindi weka ile isiyosubiriwa, maxAsyncReplicas="1". Ukikosa boksi la jirani utapoteza kidogo kile ambacho hakijafika Lindi, lakini hupotezi msimu. Na ili gridi ijue hili ni la Mtwara na lile ni la Lindi unatumia zoni, kila kontena unaipa jina la zoni, afu kwenye ile faili ya deployment unaandika kanuni kwamba kikuu na replika ya papo hapo vikae zoni ya Mtwara, na ile isiyosubiriwa ikae zoni ya Lindi.

Na katalogi ziwe tatu kama unaweza. Ya tatu haihitaji mashine kubwa, kompyuta ya kawaida yenye UPS inatosha, muhimu isiwe kwenye maboksi yale mawili. Ukiwasha kworamu, yaani akidi, katalogi hazifanyi maamuzi ya kuhamisha vipande mpaka zionane za kutosha, na hii inakuokoa siku netiweki imekatika katikati, kila upande unadhani mwenzake kafa na unataka kujitawaza.

Umeme ukikatika kote na kurudi, seva haziamki pamoja. Kontena ya kwanza kuamka, kama numInitialContainers iko 1, inapewa vipande vikuu vyote 19, afu wenzake wakifika wananyang'anyana. Iandike 4 na katalogi itasubiri zote 4 ndo igawe. Upande wa pili wa shilingi, kama boksi moja limeungua kabisa na una kontena 2 tu, itasubiri milele, na hapo ndo unatumia amri ya xscmd -c triggerPlacement kuisukuma igawe na waliopo. Iandikeni kwenye karatasi muibandike ukutani kwenye chumba cha seva, usiku wa manane mtu hakumbuki.

Mapigo ya moyo, yaani ishara ambazo seva zinatumiana kuonyesha ziko hai, nitapita haraka. Kuna ngazi tatu za kugundua seva iliyokufa kimyakimya, ya kawaida ni 0, inachukua kama sekunde 30, ya haraka -1 ni kama sekunde 5, ya polepole 1 ni kama sekunde 180. JVM ikifa ghafla soketi inafunga na inajulikana mapema, hizi ni kwa boksi lililozimika au waya uliochomolewa. Msikimbilie ile ya haraka. JVM iliyosimama kusafisha takataka kwa sekunde sita itatangazwa marehemu ikiwa hai, vipande vinaanza kuhama bila sababu. Kaa na 0.

Kuna bagi moja inatesa watu nami niseme, ya funguo. Gridi inaamua rekodi iende patisheni ipi kwa hashCode ya ufunguo, yaani namba ambayo Java inaikokotoa kutoka kwenye ufunguo huo. Ukitumia String au Integer huna shida, hashCode yake ni ileile kwenye kila JVM. Ukitengeneza klasi yako ya ufunguo ukasahau kuandika hashCode, au ukaweka enum ndani yake ukachukua hashCode ya hiyo enum, kila JVM inatoa namba yake. Seva moja inaandika mzigo wa mkulima patisheni ya 3, seva nyingine inautafuta patisheni ya 11, hauonekani. Ukijaribu kwenye laptop yenye JVM moja kila kitu kinafanya kazi, ndo maana inachelewa kukamatwa. Kwa ule mfumo wetu tumia namba ya stakabadhi kama String na maisha yaendelee.

Loda nayo, yaani kile kinachounganisha gridi na databesi. Gridi inaweza kuandika databesi kwa niaba yako, papo hapo au kwa kuchelewesha. Ile ya kuchelewesha unaiandikia mfano T180;C1000, yaani peleka kila sekunde 180 au yakifika mabadiliko 1000, kinachotangulia. Inapunguza sana mzigo wa databesi na watu wanaipenda, mimi pia naipenda kwa hali ya mzigo, umepimwa, umesafirishwa. Kwa hela ya mkulima hapana. Kwenye zile sekunde 180 hela hiyo iko kwenye memori peke yake, na ukipoteza kipande na replika yake umeipoteza, utaenda kumweleza nini mzee wa Newala? Malipo yaandikwe databesi kwanza, gridi isome.

Leseni, nilisema nitarudia. eXtreme Scale ni ya kulipia. Kama shida yako ni sesheni tu, yaani mtumiaji asitolewe nje seva moja ikizimwa, Open Liberty ina kipengele cha sessionCache-1.0 kinachotumia JCache, kiwango cha Java cha kashe, unakiunganisha na gridi huria kama Infinispan au Hazelcast kupitia httpSessionCache, hulipi kitu. Majina ya mipangilio yatabadilika, maswali yanabaki yaleyale, vipande vingapi, nakala ngapi, zimekaa wapi.

Na tafadhali, poti 2809 isionekane nje ya netiweki yenu.

Baada ya chai tunafanya kwa mikono. Kila meza ina mashine mbili na swichi ndogo. Mtawasha katalogi, mtawasha kontena mbili kila mashine, mtajaza data ya kutunga, afu mtaandika xscmd -c showPlacement muone kila patisheni kikuu kiko wapi na replika iko wapi, na xscmd -c showMapSizes muone idadi ya rekodi. Andikeni namba hizo pembeni. Mara ya kwanza mtazima kontena moja kwa kill -9, amri ya kuua mchakato ghafla, muangalie vipande vinavyohama. Mara ya pili mtachomoa waya wa umeme wa mashine nzima, ndiyo, mchomoe kweli, mashine zangu zimezoea, afu mlinganishe showMapSizes ya kabla na ya baada. Meza zenye namba shufwa zitaanza na developmentMode ikiwa true, meza zenye namba witiri false, mkimaliza mbadilishane. Na mkitaka kufunga gridi nzima tumieni xscmd -c teardown, msizime kontena moja moja, maana kila mnayoizima inawasukumia wenzake mzigo, na zile za mwisho zitakufa kwa memori kabla hamjazifikia.

Haya, naona sinia zinaingia.